Mwongozo wa kumfikisha mtoto shuleni na kumrudisha nyumbani salama katika viunga vya Kampala

Familia nyingi zinazoishi Kira, Namugongo, Nansana, Kajjansi, Seeta na sehemu nyingine za Wakiso na Mukono zilihamia huko kwa ajili ya kiwanja cha bei nafuu na nafasi ya kulea watoto, huku shule waliyoizoea na kazi za wazazi zikibaki mbali, ng'ambo ya foleni. Mzazi wa namna hiyo anapofikiria usalama wa mtoto njiani, kwa kawaida hufikiria chombo na mwendo wake: vani ni nzima au mbovu, dereva anakimbiza au hakimbizi. Mambo hayo yana uzito, lakini hayatoshi, kwa sababu hatari nyingi humkuta mtoto pale anapotoka mkononi mwa mtu mzima mmoja kabla hajafika mkononi mwa mwingine, yaani getini alfajiri, kwenye mlango wa vani, ukingoni mwa barabara, na mchana kwenye uwanja wa shule ambao wenzake wamekwisha kuondoka. Mwongozo huu unafuata makabidhiano hayo, moja baada ya jingine.

Hatua ya kwanza: ipite njia nzima kabla muhula haujafunguliwa

Chagua siku ya kazi, kwa maana barabara ya Kyaliwajjala Jumapili asubuhi haifanani hata kidogo na barabara hiyohiyo Jumatatu. Ondoka nyumbani saa ileile ambayo mtoto ataondoka, uwe naye ikiwezekana, mwende kwa njia ileile hadi getini pa shule. Chukua daftari, uandike kila mahali ambapo mtoto atabadilisha mikono: nani atamtoa nyumbani, nani atampandisha, nani atamshusha, nani atampokea. Mbele ya kila mahali andika jina la mtu mzima mmoja na nambari yake ya simu. Pasipo na jina la kuandika, hapo ndipo penye pengo, na ni afadhali ulione pengo hilo ukiwa na kalamu mkononi kuliko uje uambiwe kwa simu ukiwa kazini.

Tuseme mtoto anaishi Bulindo na anasoma Ntinda. Dada wa kazi anamsindikiza hadi barabara ya lami, jirani anampakia kwenye gari lake hadi Najjera, hapo anahamia kwenye vani, na vani inamshusha nje ya geti la shule kwa sababu ndani hakuna pa kugeuzia. Hayo ni makabidhiano manne kabla ya somo la kwanza. Mara nyingi moja au mawili yanaweza kuondolewa kwa mazungumzo tu: vani ikubali kuingia hadi kwenye makutano ya karibu na nyumbani, au shule iruhusu magari ya watoto kuingia uwanjani kwa zamu. Kila kabidhiano linaloondolewa lina faida kuliko onyo lolote ambalo mtoto ataambiwa.

Katika matembezi hayo angalia pia mitaro isiyofunikwa, viwanja vinavyojengwa ambako malori ya mchanga hutoka kwa kurudi nyuma, steji za boda zilizojaa hadi ukingo wote wa barabara, na kona ambazo dereva hawezi kumwona mtoto mfupi. Anayeishi upande wa Kireka au Bweyogerere akumbuke reli iendayo Mukono, ambayo watoto huigeuza njia ya mkato. Njia inayozunguka kidogo lakini inapita mbele ya maduka na nyumba za watu ni bora kuliko njia fupi inayopita kwenye vichaka na viwanja vilivyozungushiwa mabati.

Hatua ya pili: panga saa kwa kufuata mwanga

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na kwa hiyo tunajisahaulisha kwamba hata hapa jua halichomozi saa ileile mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza kabla kidogo ya saa 12:30 asubuhi, ilhali katikati ya Februari hukaribia saa 1:00 kamili. Mapambazuko yetu nayo ni mafupi, kiasi kwamba dakika 30 kabla ya jua kuchomoza bado ni usiku. Kwa kuwa muhula wa kwanza hufunguliwa mwezi wa Februari, mtoto mpya wa darasa la kwanza huanza safari zake wakati wa asubuhi zinazochelewa kupambazuka kuliko zote za mwaka, tena akiwa bado hajaijua njia wala hajawajua watu.

Kwa hiyo, ikiwa shule inapokea watoto hadi saa 2:00, usikubali kwa urahisi vani impitie mtoto saa 11:30 alfajiri eti kwa sababu ndiyo nyumba ya kwanza kwenye mzunguko. Wazazi wa vani moja wanaweza kukubaliana kwamba mzunguko uanze upande huu muhula mmoja, na upande wa pili muhula unaofuata, ili mzigo wa kuamka usiku usibebwe na nyumba moja mwaka mzima. Madereva huweza kulalamikia mafuta, lakini wazazi wakienda wakiwa pamoja husikilizwa.

Pale ambapo giza haliepukiki, mtoto aonekane. Sare zetu nyingi zina sweta za bluu iliyoiva, damu ya mzee au kijani kilichokolea, rangi ambazo taa za gari hazizikamati mpaka gari liwe karibu mno. Nunua utepe wa kuakisi mwanga, ule unaoshonwa kwenye vizibao vya waendesha boda, mpe fundi cherehani aushone nyuma ya begi na kwenye mikanda yake ya mabegani. Ikiwa shule hairuhusu chochote juu ya sare, begi halina kanuni hiyo. Mkononi mwa mtu mzima anayemsindikiza kuwe na tochi, iwashwe kuelekea chini, mbele ya miguu ya mtoto, kwani hiyo huonyesha mtaro na vilevile huwaonyesha madereva kwamba kuna mtu.

Kuamka mapema kunadai kulala mapema. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na hesabu yake haina huruma: anayeamshwa saa 11:00 alfajiri anapaswa awe amelala saa 2:00 usiku. Katika nyumba nyingi chakula cha usiku huliwa baada ya baba au mama kurudi, yaani saa 3:00 au 4:00, na mtoto husubiri. Mpe chakula chake mapema, hata kama wakubwa watakula baadaye. Mtoto mwenye usingizi huvuka barabara kama anavyoota, na hulala kwenye vani kiasi cha kusahaulika humo. Sare, soksi, viatu, dayari na chupa ya maji viwekwe mahali pamoja usiku uleule, kwa kuwa dakika zinazopotea asubuhi kutafuta soksi moja hulipwa barabarani kwa kukimbia.

Hatua ya tatu: chagua usafiri ukiwa na macho makavu

Kutembea kunafaa kuliko inavyodhaniwa, ikiwa shule iko ndani ya nusu saa na njia haikati barabara kuu. Wakusanyeni watoto wa mtaa watembee pamoja na mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa zamu za wazazi. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, waenda kwa miguu watembee ukingo wa kulia, wakiyatazama magari yanayowajia, na mtoto ashikwe mkono akiwa upande ulio mbali na magari. Wakati wa kuvuka waangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena, na hata baada ya hapo wasisahau boda, ambayo huweza kuja upande usio wake. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hivi huliona gari lakini hukosea kukadiria kasi yake na umbali wake. Asiachiwe kuvuka peke yake barabara yenye magari mengi, hata akiwa wa kwanza darasani. Barabara kama Northern Bypass na ile ya Jinja zivukwe penye daraja la waenda kwa miguu au penye askari wa trafiki, hata ikibidi kurudi nyuma mita mia kadhaa.

Vani ndiyo inayotumiwa na wengi, na ndiyo inayohitaji kukaguliwa zaidi. Usikague picha uliyotumiwa; nenda ilipo. Gari dogo la abiria la aina ya taksi yetu ya kawaida husajiliwa kwa abiria 14, na hoja kwamba watoto ni wadogo na kwa hiyo 25 wanaenea haina msingi, kwa sababu gari linapofunga breki ghafla watoto waliobanana bila mikanda hurushwa wote kwa pamoja. Vuta kila mkanda uone kama unafunga. Fungua na ufunge mlango wa kuteleza mara kadhaa, kisha ujaribu kuufungua kwa ndani kwa nguvu ya mtoto. Tazama magurudumu, uliza kizimamoto kiko wapi, na umwombe dereva leseni yake uone kama inamruhusu kubeba abiria na kama muda wake haujaisha. Dereva mwema haoni haya kuonyesha leseni. Anayekasirika amekuokolea kazi ya kuendelea kumchunguza.

Katika vani awepo mtu mzima wa pili, yule ambaye watoto humwita anti au matroni, na kazi yake isiwe kukusanya ada tu. Akae karibu na mlango. Awe na orodha ya majina, aiweke alama mtoto anapopanda na anaposhuka. Safari ikiisha, yeye au dereva apite hadi kiti cha nyuma kabisa, ainame na kutazama chini ya viti kabla ya kufunga gari, kwa kuwa mtoto wa nasari aliyelala kwenye kona haonekani kupitia kioo cha dereva, na gari lililofungwa juani hupata joto la kuua kwa muda mfupi.

Kuhusu boda ni lazima tuseme ukweli. Sheria ya Uganda inaruhusu abiria mmoja tu na inataka helmeti kwa mwendeshaji na kwa abiria. Watoto watatu mbele na nyuma ya mwendeshaji, mandhari ya kila asubuhi huku kwetu, ni kosa la sheria na ni hatari isiyo na utetezi. Mtoto ambaye miguu yake haifiki vikanyagio hawezi kujishikilia boda inaporuka tuta, kwa hiyo hapaswi kupandishwa, hata akishikwa. Kwa mtoto mkubwa zaidi, boda iwe ya safari fupi kwenye barabara za ndani, mwendeshaji awe mmoja anayejulikana, mwenye steji, na mwenyekiti wa steji yake awe na nambari yako nawe uwe na yake. Mtoto apewe helmeti yake mwenyewe inayomkaa, kwani ile ya mtu mzima humzunguka kichwani na kumfunika macho. Apandie upande wa kushoto, kwa sababu pikipiki nyingi za boda zina bomba la moshi upande wa kulia, na makovu ya miguu tunayoyaona kwa watoto wengi yametokea hapo. Sweta isifungwe kiunoni, maana mikono yake huingia kwenye mnyororo.

Hatua ya nne: simamia mlango wa gari

Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, mlango wa vani hufunguka kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Hilo ni jema kwa mtoto ambaye nyumba yake iko upande huo, lakini mwenzake anayeishi ng'ambo hushuka, huzunguka mbele ya vani au nyuma yake, na kutokea ghafla katikati ya barabara mahali ambapo dereva anayelipita gari hilo hakumtegemea. Ajali za namna hii hutokea hatua chache kutoka nyumbani, mara nyingi mtoto akiwa anamkimbilia mama yake aliyesimama upande wa pili.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kumwomba dereva amshushe mtoto huyo wakati gari linarudi, ili mlango ufungukie upande wa nyumbani. Ya pili, ikiwa hilo haliwezekani, ni mtu wa nyumbani kuvuka mapema, kusimama upande wa mlango, kumpokea mtoto, kusubiri vani iondoke kabisa na barabara ionekane pande zote, ndipo wavuke wameshikana mikono. Usimwite mtoto kutoka ng'ambo wala usimpungie mkono, kwa maana atakuja.

Hata upande wa kushoto wenyewe si salama moja kwa moja, kwa sababu boda zinazokwepa foleni hupenya kati ya vani na mtaro. Anti ashuke kwanza, atazame nyuma, asimame akiwa amekinga nafasi hiyo kwa mwili wake, kisha ndipo mtoto ashuke. Jambo hili huchukua muda mfupi sana, na mzazi anaweza kulitazama mwenyewe asubuhi moja bila kumwarifu mtu.

Hatua ya tano: andika sheria za mchana

Asubuhi mzazi yupo. Mchana hayupo, na watoto wa nasari hutoka mapema kuliko kaka na dada zao wa madarasa ya juu. Usiache pengo hilo lizibwe na bahati. Mpe mwalimu wa darasa karatasi yenye majina ya watu wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, pamoja na picha zao, na nakala ibaki kwa askari wa getini. Mabadiliko yoyote uyatoe wewe kwa kuzungumza na mwalimu, yasipelekwe kwa mdomo wa mtoto wala kwa ujumbe kutoka nambari ngeni. Simu huisha chaji na umeme hukatika. Kwa hiyo kanuni iwe kwamba pasipokuwa na uthibitisho, mtoto anabaki shuleni mpaka upatikane. Mjomba wa kweli anaweza kuudhika akizuiliwa getini, na inafaa umweleze mapema kwa heshima kwamba kanuni ni ya wote.

Dereva naye aambiwe kwamba hamwachi mtoto kwenye ua usio na mtu. Akikuta geti limefungwa, mtoto anabaki kwenye vani, dereva anakupigia, kisha anampeleka kwenye nyumba ya pili mliyokubaliana, ya jirani ambaye mtoto amemzoea. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awafahamu watoto wako kwa sura; ukienda kumwona siku moja ya utulivu hutahitaji kujitambulisha siku ya taharuki.

Hatua ya sita: mfundishe mtoto machache, lakini ayashike

Ajue jina lake kamili, majina ya wazazi, kijiji anachoishi na nambari moja ya simu. Kwa wadogo, nambari hiyo ishonwe ndani ya sweta, jina lisiandikwe nje ya begi, kwa sababu mtu asiyemjua akimwita kwa jina mtoto hudhani wanajuana. Tumewalea watoto wetu kumwita kila mtu mzima anko au anti na kumtii, na adabu hiyo ni nzuri, lakini wafahamu kwamba kumsalimu mtu si sawa na kufuatana naye. Kubalianeni neno la siri la nyumbani, ambalo mtu yeyote aliyetumwa kumchukua ni lazima alitaje.

Ajue pia kwamba hakuna anayeruhusiwa kumshika vibaya au kumwambia afiche jambo, awe dereva, mwendesha boda au mwanafunzi mkubwa, na kwamba akikueleza hutamgombeza. Nambari 116 ni ya bure, ya kupokea taarifa za watoto walio hatarini. 999 na 112 ni za polisi. Ziandike ukutani jikoni, mahali ambapo dada wa kazi naye anaziona.

Hatua ya saba: kuwa na mpango wa siku zisizo za kawaida

Mvua zetu kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha kuanzia Septemba hadi Novemba na zaidi, na zote mbili huangukia siku za masomo. Maji yakifunika barabara ya marram, yaani ya changarawe isiyo na lami, mtaro na barabara huwa kitu kimoja machoni pa mtoto. Asivuke maji yanayokwenda kwa kasi, hata yakiwa ya kimo cha kifundo, wala asipite juu ya kalvati isiyoonekana. Ikinyesha asubuhi, achelewe. Ikinyesha jioni, asubiri shuleni. Muulize mwalimu mkuu mwanzoni mwa muhula nani hubaki na watoto wa namna hiyo na hadi saa ngapi.

Wanaoishi njia ya Namugongo waongeze jambo moja. Siku ya Mashahidi wa Uganda, inayoadhimishwa Namugongo tarehe 3 Juni, ni sikukuu na shule hazifunguliwi, lakini mahujaji huanza kumiminika siku kadhaa kabla yake, wengi wao kwa miguu, na magari huweza kuelekezwa njia nyingine. Katika siku hizo vani ibadilishe mzunguko wake kwa makubaliano ya maandishi, na mtoto asishushwe mbali na kituo chake kwa sababu ya foleni.

Hatua ya nane: muulize mtoto maswali yenye majibu

Baada ya wiki mbili za muhula, keti naye. Ukimuuliza kama safari ni nzuri, atasema ndiyo. Muulize badala yake nani hukaa karibu na mlango, wanakaa wangapi kwenye kiti chake, dereva hupokea simu akiendesha, wanasimama wapi kabla ya kufika shuleni, na nani huwa wa mwisho kushuka. Majibu yake linganisha na daftari lako la hatua ya kwanza. Akisema kwamba anti haji tena siku za Ijumaa, au kwamba sasa wanapitia kwenye pampu ya mafuta na kumsubiri dereva humo ndani ya gari, mpigie dereva jioni hiyohiyo, na kesho yake asubuhi uende mwenyewe kituoni ukalione gari likifika.